HOTUBA YA MWENYEKITI: MALI BILA DAFTARI, NA INI BILA KIPIMO



Miaka kumi siyo mchezo. Tulianza chini ya mwembe na kisanduku kimoja chenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na watu wakasema eti akina mama hawa hawatafika Krismasi. Krismasi kumi zimepita. Wapo wenzetu walioezeka bati, wapo waliosomesha, wapo wenye mtaji wa dagaa pale Mwigobero. Taarifa ya fedha ataisoma Mweka Hazina, hatutaki kumnyang'anya kazi yake. Sisi kwa niaba ya Kamati tumeombwa tuzungumze jambo moja tu, nalo ni ini. Mtatuuliza, hivi ini na hisa vinahusianaje? Subirini kidogo, mtaona.

Katika miaka hii kumi tumezika wenzetu. Mmoja wao wengi wenu mnamkumbuka, jina lake hatulitaji kwa heshima ya watoto wake. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye ugonjwa wa sukari wa miaka mingi. Pombe hakuigusa, wala gongo wala bia. Kila alipokwenda kliniki alipimwa sukari, akapewa vidonge, akarudi nyumbani. Halafu miguu ikaanza kuvimba, tumbo likajaa maji, siku moja akatapika damu. Alipofikishwa kwa mabingwa, walisema ini lake limejaa makovu, limekuwa gumu, na muda umekwisha. Msibani watu wakanong'ona kwamba alikuwa anakunywa kwa siri. Wengine wakasema amerogwa. Watoto wake waliyasikia maneno hayo wakiwa wamekaa kwenye mkeka wa mama yao.

Jamani, hayo maneno tunataka leo tuyazike. Ini huharibiwa na pombe, ndiyo. Lakini ini huharibiwa pia na sukari na unene, kwa mtu ambaye hajawahi kuonja hata togwa iliyochachuka. Wataalamu wamelipa tatizo hilo majina mbalimbali, na mwaka 2023 wakalibadilisha tena jina ili lisitajwe kwa pombe, bali kwa jinsi mwili unavyotumia chakula. Sisi tuliite tu ini lenye mafuta.

Sasa tuelezane linavyotokea. Ini liko ubavuni upande wa kulia, chini ya mbavu. Kazi yake ni kama ya stoo na jiko kwa pamoja: linapokea chakula kilichosagwa tumboni, linatunza akiba, linasafisha sumu, linatengeneza vitu vya kugandisha damu. Tukila ugali, wali, chapati, mandazi na soda kuliko kazi tunayofanya, mwili unaigeuza ziada kuwa mafuta. Mengine yanakaa kiunoni, mengine yanaingia ndani ya ini. Kwa mwenye kisukari cha ukubwani hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa insulini yake haifanyi kazi sawasawa. Duniani kote, zaidi ya nusu ya watu wenye kisukari cha namna hiyo wana ini lenye mafuta.

Wengi wao hukaa na mafuta hayo bila madhara makubwa kwenye ini. Lakini kwa baadhi, mafuta huchokoza ini, linavimba ndani kwa ndani, linapona, linavimba tena. Kila likipona linaacha kovu. Ninyi mnajua kovu la kuungua na uji wa moto, lile la mkononi ambalo ngozi haiwi laini tena. Ndivyo ini linavyokuwa. Wataalamu wanayahesabu makovu kwa hatua, kuanzia 0 mpaka 4. Hatua ya 4 ndiyo inayoitwa sirosisi, ini limekuwa gumu lote, damu haipiti vizuri, maji yanajaa tumboni, mishipa ya koo inavimba na inaweza kupasuka, na saratani ya ini inakaribia. Kumbe katika hatua ya 1, 2 na hata ya 3 mtu anaweza asisikie chochote kabisa. Anapika, analima, anacheza ngoma. Ini halipigi kelele. Likianza kulia, mara nyingi tumechelewa.

Na makovu ya hatua za mwanzo yanaweza kupungua mtu akichukua hatua. Ndiyo maana tunasema kupima siyo kutafuta habari mbaya. Kupima ni kutafuta nafasi wakati nafasi bado ipo.

Ndugu Mgeni Rasmi, sisi hapa Kigera tuna sababu ya ziada. Sisi ni watu wa ziwa. Tumezaliwa kwenye maji, tumeoga humo, tumefua humo, tumechota humo. Na kwenye maji hayo kuna konokono wanaobeba kichocho cha matumbo. Hao minyoo wanakaa kwenye mishipa ya damu inayotoka tumboni, wanataga mayai, na mayai mengine yanasukumwa hadi kwenye ini, yanakwama, nalo linajenga makovu kuyazunguka. Jirani zetu wa Rorya, watafiti walipowapima watoto wa shule katika vijiji viwili vya mwambao, matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba zaidi ya watoto 8 katika kila 10 walikuwa na kichocho hicho. Tukumbuke pia homa ya ini aina ya B. Watoto wa Tanzania walianza kuchanjwa dhidi yake mwaka 2002. Sisi mama zao tulikwishazaliwa zamani, chanjo hiyo ilitupita.

Kwa hiyo mama wa mwambao mwenye sukari na kitambi anaweza kuwa anabeba mizigo miwili au mitatu juu ya ini moja. Kichocho cha utotoni kiliweka makovu yake, sasa mafuta yanaongeza yake.

Na sukari siyo ugonjwa wa matajiri wa mjini tena. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu watu 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64 hapa Tanzania walikuwa na kisukari. Jihesabuni hapa mlipokaa, mtaona kwamba hatuwezi kusema ugonjwa huo hautuhusu.

Sasa basi, tunapimaje? Hapa ndipo hisa na ini vinapokutana.

Kipo kipimo kinachoitwa FIB-4. Kilitengenezwa mwaka 2006 na watafiti waliokuwa wanaangalia watu wenye virusi vya UKIMWI pamoja na homa ya ini aina ya C. Baadaye ikaonekana kinafaa pia kwa ini lenye mafuta. Mwaka 2023 Chama cha Kisukari cha Marekani kiliagiza kwamba watu wazima wenye kisukari cha ukubwani, au wanaokikaribia, hasa wakiwa wanene, wapimwe makovu ya ini kwa hesabu hiyo, hata kama vipimo vyao vya kawaida vya ini vinaonekana vizuri. Siyo mashine kubwa, siyo upasuaji. Ni hesabu. Inahitaji mambo manne: umri wako, na namba tatu za maabara zinazotokana na damu ya mkononi. Mbili ni za ini, zimeandikwa AST na ALT. Ya tatu ni idadi ya chembe zinazogandisha damu, kwenye karatasi imeandikwa PLT.

Mweka Hazina wetu na kikokotoo chake anaweza kuifanya, na jana tumemjaribu. Unazidisha umri kwa AST. Weka pembeni. Halafu unatafuta kipeuo cha pili cha ALT, ile alama ya mzizi iliyoko kwenye kikokotoo, unazidisha kwa PLT. Kisha jibu la kwanza unaligawa kwa jibu la pili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama wa miaka 45, AST yake ni 24, ALT ni 25, PLT ni 270. 45 mara 24 ni 1080. Mzizi wa 25 ni 5, mara 270 ni 1350. 1080 gawanya kwa 1350 ni 0.8. Jibu likiwa chini ya 1.3, hatari ya makovu makubwa ni ndogo. Mama huyu atashukuru Mungu, ataendelea kujitunza, na kwa kuwa ana sukari atapimwa tena baada ya mwaka mmoja au miwili.

Mfano wa pili, pia wa kubuni. Mama wa miaka 52, AST 48, ALT 36, PLT 160. 52 mara 48 ni 2496. Mzizi wa 36 ni 6, mara 160 ni 960. 2496 gawanya kwa 960 ni 2.6. Jibu la kati ya 1.3 na 2.67 halisemi ndiyo wala hapana. Linasema huyu asiachwe, apate kipimo cha pili. Kipimo cha pili kinachopendekezwa ni mashine inayowekwa ubavuni kutoka nje na kupima ugumu wa ini, haichomi, haikati. Haipo kila hospitali, ndiyo maana hesabu ya kwanza ina maana: inatuonyesha nani asafiri na nani abaki. Jibu likizidi 2.67 mtu aonwe na daktari bingwa bila kungoja.

Lakini hesabu ina masharti yake, nayo ni muhimu kwetu. Kwanza, kwa mtu aliye chini ya miaka 35 haiaminiki sana. Kwa aliyezidi miaka 65, ile 1.3 inapandishwa mpaka 2.0, maana umri wenyewe unasukuma jibu juu. Pili, usipime ukiwa na malaria au homa kali, kwa kuwa malaria hushusha zile chembe za kugandisha damu, na jibu litakutisha bure. Tatu, kichocho cha muda mrefu huvimbisha bandama, na bandama iliyovimba nayo hushusha chembe hizo. Vilevile makovu ya kichocho yanaweza kuwepo huku AST na ALT zikiwa za kawaida. Kwa hiyo ukifika kwa daktari usiseme tu una sukari. Sema, mimi ni mtu wa ziwa, nimeoga ziwani tangu utoto, naomba niangaliwe kichocho na homa ya ini B pia. Kwa makovu ya kichocho picha ya ultrasaundi inasaidia sana. Kuwaua minyoo wenyewe kuna dawa ya praziquantel. Hesabu yetu ni ya kutuamsha, mwenye kutoa hukumu ni daktari.

Akina mama, tulipolileta jambo hili kwenye Kamati palikuwa na mabishano, na siyo vizuri tuyafiche. Wapo waliosema mfuko wa jamii ni wa misiba na wagonjwa, haukuwekwa kwa ajili ya watu wazima wa afya kwenda kutafuta magonjwa. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu mfuko wenyewe ni mdogo na misiba haipigi hodi. Lakini tujiulize. Kwa msiba mmoja tunatoa fedha ya jeneza, ya sanda, ya chakula cha waombolezaji, ya nauli ya kuleta maiti. Tunazitoa kwa moyo mweupe, na mwenzetu harudi. Kumbe namba tatu za maabara zingeweza kumbakiza mwenzetu kwenye mkeka huu tukagombana naye kuhusu faini ya kuchelewa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wapo pia waliosema, na hili walilisema kwa sauti ya chini, kwamba ukianza kupungua mwili watu watasema una ule ugonjwa. Tunalielewa neno hilo. Kwetu mama akinenepa husifiwa, wanasema ndoa imemkubali, mume anamtunza. Akikonda, macho yanamfuata njia nzima. Miaka ya tisini tulizika watu wengi waliokonda, na hofu hiyo haijatutoka. Ndiyo sababu tunataka tupungue pamoja, kama kikundi, hadharani, kila mtu ajue ni mpango na siyo maradhi. Mama mmoja akikonda watasema. Mama ishirini wakikonda pamoja watauliza siri ni nini.

Na siyo lazima mtu akonde kama ufito. Chukua mama wa kilo 80 mwenye urefu wa mita 1.60. Kilo 80 ukizigawa kwa urefu uliozidishwa kwa urefu unapata zaidi kidogo ya 31, na kuanzia 30 ndiyo unaitwa unene wa kupindukia. Mama huyu akipunguza kilo 4 tu, mafuta ndani ya ini yanaanza kupungua. Akifika kilo 8, hata makovu yana nafasi ya kupungua. Atabaki na kilo 72, bado ni mama wa heshima na kitenge kinamkaa. Na faida haiishii kwenye ini. Wenye ini lenye mafuta hufa zaidi kwa magonjwa ya moyo kuliko kwa ini lenyewe, na hatua ni zilezile: chakula cha kiasi, miguu kutembea, sukari na presha kudhibitiwa, dawa kumezwa kama ulivyoelekezwa.

Dawa mpya zipo. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa ini la namna hii lenye makovu. Lakini ni za ghali, tusizisubiri. Cha kwetu kipo jikoni. Sato, dagaa, mboga za majani, maharage, ugali wa udaga au wa mtama kwa kipimo cha ngumi na siyo cha mlima. Soda na mandazi ndivyo vinavyotumaliza. Na pombe, kwa mwenye ini lililoanza kuumia, ni kumwaga mafuta ya taa kwenye moto. Dawa za kienyeji za kusafisha ini nazo tuziogope, zipo zinazoliumiza zaidi.

Kwa hiyo, Ndugu Mgeni Rasmi, Kamati inaleta mapendekezo matano mbele ya mkutano huu.

Moja. Kila mwanachama apimwe uzito, urefu na kiuno. Kiuno tutapima kwa futi ya fundi cherehani. Mwanamke akizidi sentimita 80 aanze kuwa mwangalifu.

Mbili. Mwanachama mwenye kisukari, na yule mwenye unene wa kupindukia aliyefikisha miaka 35, mfuko wa jamii umlipie kipimo cha kwanza cha damu kwa ajili ya hesabu ya ini. Kama damu inachukuliwa tayari kliniki, aombe namba hizo tatu aandikiwe.

Tatu. Atakayehitaji kipimo cha pili, awe ni Musoma au Mwanza, apewe mkopo usio na riba wa nauli na gharama, na mwenzake mmoja amsindikize. Mtu asiende peke yake.

Nne. Majibu ni siri ya mwenyewe. Hayataandikwa kwenye daftari la hisa wala kusomwa mkutanoni. Atakayeyatoa nje atatozwa faini, na faini hiyo iwe kubwa kuliko ya kuchelewa.

Tano. Kwenye mikutano yetu ya kila wiki soda na mandazi vikome. Maji ya kunywa, njugu na matunda vinatosha. Leo ni sherehe, tumewasamehe, lakini tunaona mikono inayorudia.

Mwaka 1973 mama zetu walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio kusikiliza kampeni ya Mtu ni Afya. Wengi hawakujua kusoma, lakini walitoka pale wakachimba vyoo. Sisi tuna kusoma kidogo, tuna kisanduku, tuna kikokotoo. Tusishindwe na mama zetu.

Wenzetu wa maabara na wa kliniki mliopo hapa, tuna ombi moja. Mama wa Kigera akija na karatasi yake ameandika FIB-4 kwa mwandiko wa darasa la saba, msimcheke. Mpeni zile namba. Na mama mnene mwenye sukari akija na tumbo linalojaa, msimuulize kwanza anakunywa nini. Mpimeni.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila wiki kwa miaka kumi tumehesabu fedha zetu mbele ya macho ya wote, hata shilingi mia haijapotea bila kujulikana ilikokwenda. Afya ni mali pia, na mwenzetu yule ilimpotea bila habari kwa sababu hakuna aliyemfanyia hesabu.

Mapendekezo yako mbele yenu. Katibu atayasoma moja moja na kila mwanachama atapiga kura kwa kutumbukiza punje ya hindi kwa ndiyo na punje ya haragwe kwa hapana, kama tunavyofanya siku zote. Msituonee haya. Anayepinga apinge, na sababu zake tutazisikiliza. Ila tunaomba kabla hujatumbukiza punje yako, umtazame mwenzako aliyekaa kulia na aliyekaa kushoto, ujiulize ungependa nani kati yao asiwepo miaka kumi ijayo.